Kitrekta kilicholala kikiwa kigonjwa

Nilipoitwa, kitrekta kilikuwa kimeshabadilishiwa betri na stata, ile mota ya umeme inayoizungusha injini ili iwake, na bado kilikuwa hakiwaki. Sista anayesimamia mali za shule aliniwekea risiti zote mbili mezani kabla hajanipeleka stoo. Hakuwa na hasira. Alitaka nielewe mapema kwamba pesa ya kununua kifaa cha tatu kwa kubahatisha haipo.

Nakieleza kisa hiki kwa urefu kwa sababu mafundi tunakutana nacho kila mwaka na tunakikosea kwa njia ileile. Mashine imekaa miezi, imekataa kuwaka, basi tunasema imeharibiwa na kukaa. Kukaa kweli kuliharibu vitu kwenye kitrekta hiki. Lakini ugonjwa uliokula pesa ya shule uliingia nacho stoo, na alikuwepo mtu aliyeujua tangu mwezi wa tatu. Hakuna aliyemuuliza.

Mashine yenyewe ni ile ya kukatia nyasi ya kukalia: usukani, kiti kimoja, visu viwili ndani ya sahani ya bati chini ya tumbo, na mkanda mrefu unaoviendesha kutoka kwenye injini. Injini ni ya silinda moja, nguvu za farasi 17.5, imesimama wima na valvu zake ziko kichwani. Mwendo wake ni wa haidroli, hakuna gia za kubadilisha. Kilifika kwenye kontena pamoja na vitanda na vitabu, kikiwa kimeshatumika huko kilikotoka, na sasa kinahudumia ekari nne za shule ya bweni ya wasichana, Moshi vijijini.

Mwisho wa Juni mtunza bustani alikata nyasi mara ya mwisho, akakiingiza stoo nyuma ya jiko, pembeni ya magunia ya mahindi. Petroli ilikuwa nusu tangi. Betri ikabaki imefungwa kwenye waya zake. Majani mabichi yaliyoganda chini ya sahani ya visu yakabaki hapohapo. Siwezi kumlaumu mtu kwa hayo. Kijitabu kilichokuja na mashine kinaeleza namna ya kuihifadhi wakati wa baridi kali, theluji ikiwa imefunika bustani, na anayekisoma chini ya Kilimanjaro anaona ukurasa huo haumhusu, anaupita. Mashine zetu hulala kiangazi. Masika yakiisha nyasi zinapunguza mwendo, Juni zinasimama, na vuli ikichelewa hakuna cha kukata hadi Novemba. Ni karibu miezi mitano ya vumbi, panya, na joto linalopanda kuanzia Septemba. Ukurasa ule unamhusu sana, ila umeandikwa na mtu aliyekuwa anafikiria hali nyingine ya hewa.

Katikati ya Novemba mvua ikashika. Baada ya wiki tatu nyasi za kuzunguka mabweni zilikuwa magotini, mlinzi akaua nyoka karibu na bomba la maji, na wasichana wakaanza kuamshwa mapema kufyeka kwa makwanja njia ya kwenda chooni. Hapo ndipo ufunguo ulipozungushwa, kitrekta kikalia tik mara moja, kikanyamaza.

Fundi wa kwanza alikuta betri imekufa, na alikuwa sahihi. Betri ya asidi ikikaa bila kuchajiwa hujimaliza yenyewe kidogokidogo, na joto huongeza kasi. Ikishuka chini ya volti 12 na kukaa hivyo muda mrefu, sahani zake za ndani huota ukoko mgumu wa sulfeti, na ukija kuichaji inajaa kwa macho tu. Akanunua nyingine. Saizi ya asili hakuipata mjini siku ile, akachukua NS40 ya gari dogo, ambayo chini inakaa karibu sawasawa na ile ya zamani ila imepanda juu zaidi. Hilo la kupanda juu tutalirudia.

Alipozungusha ufunguo, injini ikageuka nusu mzunguko, ikagonga kama imefika ukutani, ikasimama. Akarudia, nusu tena. Mara mojamoja ilivuka na kuzunguka kidogo, lakini haikuwaka.

Fundi yeyote akisikia mlio ule atasema stata imechoka, na hata mimi ningekuwa nimesimama pale ningelisema vivyo hivyo. Betri ni mpya, injini inasita, kilichobaki katikati ni stata. Ikaagizwa kutoka Dar es Salaam, ikaletwa kwa basi, ikafungwa. Nusu mzunguko, ikasimama. Kisha wakafunga kamba kwenye pikapu wakakivuta uwanjani wakitarajia kiwake kwa kusukumwa, jambo ambalo haliwezekani kwa mashine yenye mwendo wa haidroli: magurudumu hayana njia ya kuizungusha injini. Zaidi ya hapo, ukiivuta bila kwanza kuachia ile fimbo ndogo ya nyuma inayofungua njia ya mafuta ya haidroli, unaumiza pampu. Bahati ni kwamba hawakuvuta mbali. Uamuzi wa mwisho ukawa kwamba injini imekwisha, itafutwe nyingine.

Mtunza bustani nilimkuta amekaa juu ya ndoo nje ya stoo. Ni mzee wa makamo ya baba yangu.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, fundi. Karibu."

"Mzee, ile siku ya mwisho mwezi wa sita, kiliwakaje?"

"Kiliwaka kwa mbinu," akasema.

Nikamwomba anionyeshe. Akaingia, akahakikisha ufunguo umetoka, akainua boneti na kuweka kiganja juu ya wavu wa duara ulio juu ya injini. Akauzungusha polepole kufuata saa hadi pakawa pagumu, akasukuma, pakalegea. "Ukishavuka hapa unapanda, unawasha, kinapita. Tangu mwezi wa tatu nafanya hivi. Kikiwa cha moto ndiyo kibaya. Nikienda kunywa chai saa nne, nikirudi hakikubali bila mbinu."

"Na fundi aliyekuja ulimwambia?"

"Hakuuliza, mwanangu. Nikaona labda ni betri, maana ndivyo walivyosema."

Maneno yale yalinipa robo tatu ya jibu kabla sijafungua kisanduku cha spana. Pale pagumu alipopavuka kwa kiganja ndipo pistoni inapobana hewa. Injini ya mipigo minne hubana mara moja kila mizunguko miwili. Ukiipeleka kwa mkono hadi ikapita mbano, unaipa stata karibu mizunguko miwili mizima ya kukusanya kasi kabla ya mbano unaofuata, na uzito wa gurudumu lililo juu ya injini unasaidia kuuvuka. Kwa hiyo mzee alikuwa ameshagundua, bila mita, kwamba injini inashindwa mahali pamoja tu, kwenye kompresheni. Tena alikuwa amegundua kwamba joto linazidisha. Betri iliyochoka haina tabia ya kuwa mbaya zaidi baada ya saa tatu za kazi, kwani muda wote huo imekuwa ikichajiwa na injini yenyewe.

Hata hivyo sikuruka moja kwa moja. Sista alikuwa amechoka na watu wanaojua jibu kabla ya kupima, na mimi pia nilihitaji namba.

Betri ikiwa imetulia ilisoma volti 12.6, yaani imejaa. Nikamwomba mzee azungushe ufunguo huku nimeshika mita. Pale injini iliposimama ilishuka hadi 9.8. Si nzuri, lakini stata iliyokwama huvuta umeme mwingi, kwa hiyo kushuka kule ni matokeo, huwezi kukuita chanzo bila ushahidi mwingine. Nikapima upotevu kwenye waya. Upande wa chanya, kutoka kichwa cha betri hadi bolti ya stata, 0.2. Upande wa hasi, kutoka kichwa cha betri hadi bodi ya injini, 0.8. Hiyo ni nyingi. Mimi ikizidi nusu volti huanza kutafuta kutu, na ilikuwepo: waya wa ethi, ule wa hasi unaorudisha umeme kupitia bodi, umefungwa juu ya chasi iliyovimba kutu chini ya rangi. Nikaufungua, nikasugua mpaka chuma kikang'aa, nikapaka grisi, nikafunga. Upotevu ukashuka hadi 0.1.

Tukajaribu. Stata ikalia kwa nguvu zaidi, injini ikavuka mara moja kati ya tatu. Hapa ni mahali pa hatari kwa fundi. Kitu kimeboreka, mtu anapumua, anakusanya vifaa vyake na kuondoka. Lakini mashine inayowaka mara moja kati ya tatu haijapona, na ethi mbovu haielezi kwa nini chai ya saa nne ilikuwa inaleta tabu.

Nikatoa plagi. Kwanza nikasogea pembeni, kwa sababu kama silinda imejaa petroli au oili itatoka kwa kasi kupitia tundu hilo, na nikaelekeza waya wa plagi mbali na tundu na kuugusisha kwenye bodi ili cheche isipate mvuke. Ufunguo ukazungushwa. Injini ikazunguka kama feni, laini, bila kusita popote, na hakuna kilichotoka. Kwa jaribio hilo moja la dakika mbili stata mpya ilikuwa nzima, na kwa uwezekano mkubwa ile ya zamani pia. Ukiondoa kompresheni, tatizo linaondoka. Kabla ya kununua stata hili ndilo lingefanywa, na halihitaji hata mita, linahitaji spana ya plagi tu.

Nikachomoa kijiti cha oili nikanusa. Sindano ya kabureta ikivuja wakati mashine imelala, petroli hushukia kwenye oili, kipimo hupanda na harufu hutoka wazi. Injini ya namna hiyo haiwashwi mpaka oili imwagwe. Hapa kipimo kilikuwa mahali pake na harufu ni ya oili tu.

Sasa tuje kwenye kiini. Injini ya silinda moja yenye ukubwa huu ingehitaji stata kubwa na betri kubwa kama ingetakiwa kuvuka kompresheni nzima kila inapowashwa. Waliozitengeneza waliliepuka hilo kwa kuweka kwenye kemshafti, yaani mhimili unaofungua valvu, kiinua kidogo chenye kizito na springi. Injini ikizunguka polepole, kwa kasi ya stata, kiinua hicho hujitokeza na kuisukuma valvu ifunguke kidogo sana wakati pistoni inapanda kubana. Hewa inapungua, stata inapita. Injini ikishashika kasi, kizito hurushwa nje, kiinua kinajificha, kompresheni inarudi kamili. Kwenye injini hii kinafanya kazi kupitia valvu ya kutolea moshi.

Ufunguo wa jambo ni neno "kidogo sana". Kiinua kinainua kwa kiasi ambacho hakifiki hata milimita moja. Kati ya roka, kile kimkono kinachoisukuma valvu, na shina la valvu kuna nafasi ambayo lazima kwanza ifungwe kabla valvu haijasogea, na ndiyo tunayoiseti tunaposema tunaseti tapeti. Nafasi ikizidi, kiinua kinaimaliza safari yake yote ndani ya nafasi hiyo na valvu haihisi kitu. Wakati wa kazi hutaona tofauti kubwa, kwani jino kubwa la kemshafti lina mwinuko wa kutosha kufungua valvu hata tapeti zikiwa zimelegea. Injini inawaka, inakata nyasi, haitoi moshi. Inaugua wakati wa kuwasha peke yake. Na kwa kuwa silinda na kichwa ni vya aluminiamu, vikipata moto vinatanuka kuliko vifimbo vya kusukumia roka, na nafasi inaongezeka tena. Hapo ndipo chai ya saa nne inapoeleweka.

Nikafungua tapet kava, kifuniko cha valvu. Nikatafuta mahali pistoni inapofika juu kabisa kwenye mbano, kisha nikaishusha milimita 6, nikipima kwa mrija wa soda niliouingiza kwenye tundu la plagi. Vipimo vya injini hii huchukuliwa hapo, kiinua kikiwa kimeshapita, vinginevyo unapima uongo. Kitabu cha injini kinataka milimita 0.08 hadi 0.13 kwa valvu ya kuingiza, na 0.13 hadi 0.18 kwa ya kutolea moshi. Fila geji, yale majani membamba ya chuma ya kupimia nafasi, ikaniambia 0.15 ya kuingiza. Kwenye ya kutolea moshi jani la 0.40 liliingia bila kukwaruza.

Kabla ya kugusa nati nilimwita mzee na Sista waje waone. Nikaizungusha injini kwa mkono, polepole sana, wakiangalia valvu ya kutolea moshi. Inafunguka, inafunga, pistoni inashuka kuvuta hewa, inaanza kupanda kubana, na valvu imetulia kimya hadi juu. Nikaiseti hiyo ya kutolea moshi 0.15, nikafunga nati kwa skrubu yake ya katikati, ambayo ilikuwa imelegea na ndiyo iliyoiachia nati kujirudisha nyuma. Nikavitoa vifimbo vyote viwili na kuviviringisha juu ya kioo cha dirisha kuona kama kimojawapo kimepinda, vilikuwa sawa, nikavirudisha. Nikazungusha tena. Safari hii, pistoni ilipokuwa inapanda kubana, valvu ilishuka kidogo na kurudi, kama jicho linalokonyeza.

"Kimekonyeza," Sista akasema.

Nikafunga kava kwa gasketi mpya, nikarudisha plagi, mzee akapanda. Hakuna mbinu, hakuna kiganja. Stata ikaizungusha injini raundi baada ya raundi bila kugonga mahali popote. Haikuwaka, na sikutegemea iwake, lakini sasa ilikuwa inaomba kitu kingine.

Sehemu hii ya pili ndiyo iliyomchanganya kila mtu, akiwemo mzee. Mbinu yake ingeweza kuivusha injini hata baada ya betri mpya, na aliijaribu siku moja fundi alipokuwa hayupo. Injini ikazunguka vizuri, haikuwaka, naye akaamini kwamba mbinu imekufa na injini pia. Magonjwa mawili yalikuwa yamepandana: la zamani linazuia kuzunguka, na jipya, la stoo, linazuia petroli. Ukitibu moja tu, mashine inakujibu kana kwamba hujafanya chochote.

Nilidondosha petroli safi kidogo sana kwenye koo la kabureta kwa bomba la sindano lisilo na sindano, tulilopewa na zahanati ya shule, nikarudisha chujio la hewa, tukawasha. Ikashika, ikanguruma sekunde mbili, ikazima. Cheche ipo, kompresheni ipo, petroli haifiki. Nikafungua tangi. Petroli nzuri inachoma pua. Hii ilikuwa na harufu nzito ya karakana ya seremala, ya vanishi. Sehemu nyepesi za petroli, zile zinazoshika moto haraka, ndizo zinazopaa kwanza, na kinachobaki kinageuka taratibu kuwa gundi. Watengenezaji wengi wa injini hizi wanakwambia petroli ikikaa zaidi ya siku 30 bila dawa ya kuitunza uanze kuitilia shaka. Hii ilikuwa na zaidi ya siku 150.

Nikatoa waya wa hasi wa betri, nikafunga bomba la petroli, nikashusha kikombe cha kabureta. Chini yake kulikuwa na utando wa rangi ya chai ya rangi, na jeti kuu, inayopitisha petroli kwa tundu jembamba sana, haikupitisha mwanga hata nilipoielekeza juani. Nikaiosha kwa dawa ya kabureta na kupitisha unyuzi mmoja wa shaba niliouchomoa kwenye waya laini wa umeme. Nasisitiza shaba laini. Nimeona mafundi wanatumia sindano ya chuma au waya wa breki. Tundu likipanuka hata kwa unywele, injini itakula petroli nyingi maisha yake yote na plagi itakuwa nyeusi kila wiki. Ile solenoidi iliyo chini ya kikombe, inayofungua petroli ufunguo ukiwashwa, niliigusisha moja kwa moja kwenye betri mbali na petroli, ikalia tik na kichwa chake kikaingia ndani. Ilikuwa nzima.

Petroli ya zamani, lita kama sita, ilikuwa inasubiriwa na kijana wa jikoni aitumie kuchomea takataka. Nilikataa. Mvuke wa petroli unatambaa chini usiuone, na unarudi kwa aliyeuwasha. Ikaingia kwenye dumu lenye maandishi, nikaondoka nayo kuipeleka gereji inayokusanya oili chafu.

Kitrekta kiliwaka saa tisa alasiri. Choki ikavutwa, ikaachiwa, mlio ukatulia. Mzee alikizima, akakiwasha, akakizima, akakiwasha, mara tano, mkono wake mwingine ukiwa umeshika usukani kama mtu anayehakikisha kitu hakimkimbii.

Na hapo ndipo nilipoona jambo ambalo lilinisumbua kuliko tapeti. Alishuka kuja kunipa mkono, na visu vilikuwa vimewashwa. Injini haikuzima.

Chini ya kiti cha mashine hizi kuna swichi. Mtu akinyanyuka visu vikiwa vinazunguka, injini lazima izime. Nikainua kiti. Soketi ya swichi ilikuwa imechomolewa na waya zake zimeungwa pamoja kwa kipande cha waya na utepe mweusi. Naelewa ilivyotokea. Katika kutafuta kwa nini mashine haiwaki, fundi huunganisha swichi za usalama moja baada ya nyingine aone kama ndizo zinazozuia, za kiti, za breki, za visu. Ni njia halali ya kupima, dakika tano, funguo mkononi mwako. Kuziacha zimeungwa ukaondoka si halali hata kidogo. Uwanja ule una mteremko kuelekea bwawa la maji machafu, wasichana wanapita huku na huku, na mzee anashuka kila mara kuondoa mawe na chupa mbele ya magurudumu. Visu vile vinakata mfupa. Niliikata ile waya mwenyewe, nikaichomeka soketi, kisha tukajaribu kila swichi mbele ya Sista: kunyanyuka kitini visu vikiwa vimewashwa, inazima, kuwasha bila kukanyaga breki, inakataa, kuwasha visu vikiwa vimeshikwa, inakataa. Nikamwomba aandike kwenye daftari la mali kwamba fundi yeyote akizigusa aziache zinafanya kazi, na asilipwe mpaka zijaribiwe hivyo.

Chini ya kiti hichohicho ndipo urefu wa NS40 ulipojionyesha. Betri inakaa kwenye kisanduku chini ya bati la kiti, na mtu akikaa bati linashuka. Juu ya teminali ya chanya, kwenye bati, kulikuwa na alama nyeusi ya cheche kama ncha ya kidole. Pale, karibu na tangi la petroli. Nilifunika teminali kwa kipande cha mpira wa tyubu nilichokikunja mara mbili na kukifunga, kwa muda tu, na wiki iliyofuata betri ya saizi ya asili ikaletwa kutoka Dar es Salaam. NS40 haikupotea, inawasha taa za ofisi umeme ukikatika.

Kitu cha mwisho ni panya. Nilipofungua bati la juu linaloelekeza upepo kwenye injini, mapezi ya silinda upande mmoja yalikuwa yamejaa nyasi kavu, magunzi na nyuzi za gunia. Injini hii inapozwa na hewa inayopita hapo na hakuna njia nyingine. Ingewaka, ingekata nyasi nusu saa, na joto lingeanza kuila upande ule usiopumua. Tulitoa ndoo nzima. Waya hazikutafunwa, sijui kwa rehema gani, ukizingatia mahindi yalivyokuwa karibu.

Kuhusu kukilaza tena, nilikaa na mzee tukakubaliana, na yeye akayaandika kwa mwandiko wake nyuma ya mlango wa stoo mpya, chumba kidogo cha matofali mbali na jiko. Siku ya mwisho ya kukata, tangi linaachwa liishe hadi injini izime yenyewe, kisha bolti ya kikombe cha kabureta inalegezwa itoe kilichobaki. Oili inabadilishwa wakati huo, kabla ya kulala, maana oili iliyotumika ina asidi na uchafu unaokaa juu ya vyuma miezi yote. Plagi inatolewa, kijiko kimoja cha oili kinaingia, injini inageuzwa kwa mkono mara chache, plagi inarudi. Sahani ya visu inakwanguliwa hadi bati likauke. Betri inatoka, inakaa ofisini na kuchajiwa mara moja kwa mwezi. Mzee alisisitiza iwekwe juu ya ubao isiguse sementi, kama tulivyofundishwa sote. Betri za sasa zina kasha la plastiki na sementi haizifanyi chochote, ila nilimwachia ubao wake. Ubao haudhuru, na anayeikumbuka betri kwa sababu ya ubao ataikumbuka pia kuichaji. Wavu wa kuku unafunika sehemu ya kuvutia upepo na mdomo wa ekzosi, na kitambaa chekundu kinafungwa kwenye usukani kukumbusha kwamba uondolewe.

Mstari wa kwanza kabisa, juu ya yote hayo, niliuomba mimi: kabla ya kukilaza, andika kila kinachokusumbua kwenye mashine, hata kama umeshakizoea.

Mwanzoni mwa Juni iliyofuata mzee alinipigia simu. Nyasi zilikuwa zimebaki za kukata mara moja.

"Fundi, kinawaka vizuri, hilo usiwe na wasiwasi. Ila visu vikishikwa nasikia mlio upande wa kushoto, kama nyenje. Sikuusikia Aprili. Nimeuandika, lakini nikaona uje uusikie wewe kabla sijakilaza."

Nikaenda Jumamosi. Ilikuwa beringi ya puli ya mkanda, imeanza kukauka. Tuliibadilisha palepale, mzee akakata kipande kilichobaki, na jioni akaanza kulimaliza tangi.